Mwanamke Aliyeichora Ismene

Bi Purdie hakuwa na haja ya kuona cheti cha shule. Msichana aliyetaka kazi katika chumba cha kunakili michoro aliambiwa tu, "Lete mkono," kisha Bi Purdie akakifumbata kiganja chake, akazungumza habari za mvua kwa muda, halafu akakiachia na kukitazama kama mtu anayechagua samaki. Mwenye mikono ya jasho alirudi kwao siku hiyohiyo, hata angekuwa na akili za namna gani. Kitambaa cha kunakilia kilikuwa cheupe, chembamba, kimetiwa wanga, na tone moja la jasho lilitosha kukikunja na kuharibu kazi ya juma zima. Netta Lamont alikuwa na viganja vikavu kama unga. Alipewa kiti, kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Ndivyo alivyoingia katika kiwanda kimoja cha meli pale Greenock, akiwa na miaka kumi na minane, wakati watu wameanza kunong'ona habari za vita.

Wanaume wa ghorofa ya chini walichora kwa penseli. Michoro ikapandishwa juu kwa wasichana, nao wakaitandikia kile kitambaa na kuifuatisha kwa wino, mstari kwa mstari, ili zipigwe nakala za bluu za mafundi. Msichana hakuruhusiwa kuteremka kiwandani. Wakubwa walisema ni kwa usalama wao. Wazee wa nyundo walisema mwanamke akikanyaga meli ambayo haijamalizika anaitia mkosi. Kwa hiyo Netta aliijua meli yake ya kwanza kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti, na hakuwa ameigusa hata kwa ukucha.

Ilikuwa manowari nyepesi, jina lake Ismene. Ukiweka aina hiyo kando ya manowari kubwa, ni mbwa wa kuwinda kando ya fahali: ndefu, nyembamba, yenye mbio, na ngozi yake si nene. Ilikusudiwa kupigana na ndege. Vibanda vyake vitatu vya mizinga ya mbele vilipangwa kimoja nyuma na juu ya kingine kama ngazi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kila mara wakubwa wa London walipotaka kitu kipya kiongezwe huko juu, wachoraji walishika vichwa, maana uzito ukizidi juu meli huyumba kama mlevi. Wakapunguza hapa, wakasogeza pale, na mchoro ukarudi kwa Netta, naye akaanza kuukwangua kwa wembe wino alioutia juzi.

"Wanabadilisha mawazo kama watoto dukani," alinung'unika.

"Kwangua polepole," Bi Purdie alimjibu. "Ukikitoboa kitambaa utaanza upya, na mimi nitakuwa nimesimama hapa nyuma yako."

Sehemu aliyopewa Netta ilikuwa upande wa tezi: chumba cha injini cha nyuma, mabomba yake, ngazi zake, mifuniko ya matundu ya kuteremkia, na zile kuta nene za chuma zinazoigawa meli vyumba vyumba, ili maji yakiingia kimoja yasihamie kingine.

Siku moja mlango ulifunguliwa bila hodi. Akaingia kijana mwenye nywele nyekundu zilizosimama kama brashi, ovaroli imejaa grisi, nakala ya bluu mkononi. Alikuwa Dougal Rennie, fundi wa kufunga injini.

"Nani kaandika hii?" aliuliza, akionyesha kwa kidole. "Hii ni moja au saba?"

Netta akaitazama. "Saba. Huna macho?"

"Macho ninayo, ndiyo yaliyoniambia ni moja."

"Basi kayaoshe, halafu uyaulize tena."

Wasichana wakaangua kicheko. Bi Purdie akainuka. "Kijana, wanaume hawaingii humu."

"Najua, Bi Purdie. Lakini nimeshatoboa tundu mahali pa moja, na lilitakiwa liwe mahali pa saba, na msimamizi wangu ananitafuta. Nimeona nijifiche mahali ambapo yeye haingii."

Jumamosi iliyofuata alimngoja Netta langoni, uso umesuguliwa mpaka umekuwa mwekundu kuliko nywele. Wakaenda kula samaki wa kukaanga na chipsi zilizoloweshwa siki, wakila kutoka kwenye gazeti huku wakitembea kando ya maji. Mwanzoni waliongea habari za meli tu, kwa kuwa ndiyo waliyokuwa nayo wote wawili.

"Mle ndani kunanuka nini?" Netta aliuliza.

"Rangi mbichi, na jasho la watu."

"Na ile ngazi ya kuteremkia kwenye injini ya nyuma, ni kali kama inavyoonekana?"

"Ni kali. Nimeshagonga kichwa mara tatu. Uliichorea mbilikimo."

"Sikuipima mimi. Mimi nafuatisha."

"Basi siku moja utateremka uione mwenyewe," Dougal akasema. "Nitakushika mkono."

Wasichana wa ofisi ile walikuwa na ujanja wao. Mchoro ukiharibika kabisa, waliuchukua nyumbani, wakauloweka maji ya moto mpaka wanga na wino vikatoka, na kilichobaki kilikuwa kitambaa laini kuliko chochote dukani. Wengine walishona nguo za watoto. Netta alishona leso, akatarizi herufi za jina la Dougal pembeni. Ukiiangalia dhidi ya mwanga uliona bado kivuli cha mistari ya bomba fulani la mvuke. Dougal hakukubali kuipengea kamasi. Aliikunja akaiweka mfuko wa kifuani.

Waliona Ismene ikishushwa majini wakiwa wamesimama kwenye umati, mvua nyembamba ikiwanyeshea. Meli iliteleza kwa kishindo cha minyororo, ikagusa maji, ikainama kidogo kama mtu anayesalimia, ikatulia. Netta alilia, akaona haya kulilia chuma, akakuta wanaume wazima kulia na kushoto kwake nao wanafuta macho. Majira ya baridi yaliyofuata, vita imekwisha kutangazwa, wakafunga ndoa na kupanga chumba na jiko juu ya duka la mikate.

Fundi kama Dougal hakulazimishwa kwenda vitani, kiwanda kilimhitaji. Lakini Ismene ilipotoka kujaribiwa mbio katika maji ya kisiwa cha Arran, alikwenda nayo ili azisikilize injini. Aliporudi, Netta alimwona tu mlangoni akajua kuna jambo.

"Ilikwenda, Netta," alisema, na koti hajavua. "Ilikwenda mpaka vikombe vikaruka mezani. Nilikuwa chini kule, nimeweka mkono juu ya mashine, na nilikuwa nasikia kila jino la gia."

"Na sasa?"

"Wanatafuta mafundi wa injini jeshini, wa kwenda nayo. Nimeandikisha jina."

Netta aliweka sufuria chini. "Hivi wewe umenioa mimi au umeoa meli?"

"Nani ataijua mashine ile kama mimi?"

"Wapo wengi! Watafundishwa! Wewe una ruhusa ya kubaki, Dougal. Wenzako wanaililia ruhusa hiyo, wewe unaitupa?"

Dougal alikaa kitini, akiwa ameshika kofia yake, akasema kwamba hawezi kuitengeneza, kuifunga, kuiwasha, kisha kusimama gatini na kuipungia mkono ikiondoka na vijana wasiojua kelele ipi ni ya kawaida na ipi ni ya hatari. Netta hakuzungumza naye mpaka siku ya kuondoka. Asubuhi hiyo alimfunga vifungo vya koti mwenyewe, kimoja kimoja, akavifungua, akavifunga tena.

Barua za Dougal zilifika kwa mafungu, zimekatwa kwa mkasi wa mkaguzi wa jeshi. Hakuweza kusema alipo. Netta alijifunza kusoma kilichobaki: akiandika habari za nguo za sufu, yuko kaskazini kwenye barafu, akiandika kwamba ngozi inamtoka mgongoni, yuko Mediterania. Mchana Netta alinakili manowari nyingine. Jioni alilala upande wake wa kitanda, hakuvuka kwenda wa pili. Mabomu yalipoangukia Greenock, duka la mikate lilipoteza madirisha yote. Alikusanya vioo, akajiambia lazima amsimulie, kisha akakumbuka kwamba mkasi hautakubali.

Vuli ya mwaka ule alipanda kilima cha Lyle, kama watu wengi wa mji walivyozoea, kutazama meli zilizotia nanga. Zilikuwa zimejaa mlangoni mwa mto kama kondoo zizini, zote za kijivu. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye moja. Mahali pa kibanda cha tatu cha mizinga palikuwa na mzinga mdogo tu, kwa sababu viwanda havikuwahi kuleta cha tatu, na Netta mwenyewe ndiye aliyekwangua kile kibanda kwenye kitambaa na kuchora mzinga mdogo. Ilikuwa Ismene.

Alingoja siku nzima Dougal aje nyumbani, hakuja. Mabaharia hawakupewa ruhusa ya kushuka. Kesho yake alikwenda kwa Hector, mjomba wa Dougal, nahodha wa meli ndogo ya uvuvi iliyochukuliwa na serikali kupelekea manowari viazi na mikate.

"Mjomba, nipeleke."

"Watanifunga, binti yangu."

"Mjomba."

Hector alikuna ndevu. Alikuwa mjane, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Vaa koti langu la mvua," alisema, "na kofia. Ukae juu ya magunia, uwe kama gunia mojawapo."

Wakatoka asubuhi. Ismene ilizidi kukua mbele yao, mpaka ikawa ukuta uliofunika mbingu, rangi imechubuka, kutu inatiririka kutoka kwenye matundu ya nanga. Netta hakuwa amefikiria kwamba ni ndefu kwenda juu namna ile. Kwenye kitambaa aliiinamia. Sasa ilimwinamia yeye. Mabaharia wakateremsha kamba za kufungia magunia.

"Mwiteni Rennie wa injini!" Hector alipaza sauti.

"Rennie kafanya nini?" mmoja akauliza kutoka juu.

"Mke wake yuko hapa!"

Juu kule pakawa na vurumai. "Mwambieni Rennie viazi vimekuja na mke!" Vichwa vikajaa ukingoni. Mwishowe kikajipenyeza kichwa chekundu, uso mweupe kama wa mtu aliyefungiwa ghalani, maana watu wa injini hawalioni jua. Alikuwa anapunga ile leso kama mwendawazimu.

"Netta! Umenenepa!"

"Ni koti la Mjomba!"

"Linakupendeza kuliko yeye!"

Netta alikuwa amebeba maneno ya miezi yote ile, na sasa yote yalimkimbia. "Unakula?" aliuliza.

"Nakula!"

"Unalala?"

"Nikipata nafasi!"

"Anakoroma, shemeji!" mwingine akadakia. "Mchukue urudi naye!"

Wakacheka wote, na Netta akacheka, na mawimbi yakaisukuma meli ndogo hadi ikagusa ubavu wa ile kubwa. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa baridi, kimeparara kwa chumvi, na ndani yake kulikuwa na mtetemo mdogo usiokatika, kama koo la paka.

"Unafanya nini hapo?" Dougal akauliza, ameinama mpaka mwenzake akamshika mkanda.

"Naishika! Inatetemeka!"

"Ni mashine yangu hiyo! Ndiyo nimeiacha inaunguruma!"

Ofisa mmoja akatokea, akauliza kwa ukali kuna nini, na Hector akasukuma usukani. Maji yakapanuka kati yao. Dougal alipaza sauti akasema jambo, upepo ukalichukua. Netta akaitikia kwa kichwa kana kwamba amelisikia. Kwa miaka mingi baadaye alilitafuta neno lile katika kumbukumbu ya midomo ya Dougal ilivyosogea, asilipate.

Kiangazi kilichofuata, Ismene ilikuwa katika msafara wa kupeleka chakula Malta. Nyambizi iliipiga kombora chini ya maji, upande wa tezi. Meli haikuzama. Netta alipata simu ya maandishi iliyosema Dougal Rennie ameuawa akiwa kazini, na kwa muda mrefu hakupata zaidi ya hapo.

Aliyemletea mengine alikuwa Prosser, mchochea moto kutoka Wales, aliyekuja wakati wa theluji na kopo la pichi za Amerika mikononi kama mtu aliyeleta zawadi ya mtoto. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Netta akamtilia chai, akamwekea mkate mtamu.

"Alikuwa zamu chini," Prosser alisema. "Yeye na wenzake. Chumba cha injini cha nyuma."

"Najua chumba hicho. Mifuniko ilifungwa?"

"Ilifungwa, shemeji. Ilibidi."

"Walikuwa bado hai ilipofungwa?"

Prosser alitazama moto. "Maji yaliingia yote kwa mara moja. Hapakuwa na muda wa mtu kujua chochote."

Netta hakuweza kutambua kama ni kweli au ni huruma, na hakumlazimisha. Akamwongezea chai, akasema, "Ule ukuta, wa kati ya chumba kile na kile cha mbele yake. Niliuchora mimi."

"Ulishika," kijana akasema. "Ulibonyea, tukauegemezea magogo, ukashika mpaka Gibraltar. Tulikuwa wengi upande wa pili, shemeji. Mimi nikiwa mmoja." Kisha machozi yakamjaa, akaona haya. "Samahani. Sijui namna ya kusema mambo haya."

"Kula mkate," Netta akamwambia.

Akala. Akasema pia kwamba waliwatoa wafu Gibraltar, wakawazika baharini, upepo ukiwa mtulivu, na kwamba leso ile Dougal alikuwa nayo. Halafu akakimbilia treni yake.

Jumatatu Netta alikuwa kitini pake. Kazi iliyotandikwa mbele yake ilikuwa mfuniko wa chumba cha injini wa manowari mpya. Alichora upande mmoja, akafika kwenye bawaba, na kalamu ikagoma. Akaona kitambaa kimeanza kujikunja. Viganja vyake vilikuwa vimelowa. Bi Purdie alikuja bila kuitwa, akaishika mikono yote miwili, akaikausha kwa aproni yake. Kisha akamwinua, akaketi mwenyewe kwenye kile kiti, akachukua kalamu, akaumalizia mfuniko hadi mwisho.

Ismene ilitengenezwa Amerika, ikarudi vitani, ikasindikiza misafara ya barafu, ikamaliza vita. Netta alisoma habari zake magazetini jinsi mtu asomavyo habari za ndugu aliyekosana naye. Aliichukia kwa kubaki. Halafu akiona picha yake aliikata na kuihifadhi. Wanaume wawili walimwomba ndoa katika miaka ile, mmoja wao fundi saa mpole sana, na wote aliwakatalia kwa upole. Majirani walisema ni uaminifu. Yeye alimwambia dada yake ukweli: hakuna hata mmoja kati yao aliyemchekesha.

Miaka zaidi ya kumi ilipita. Hector, ambaye sasa alikuwa mzee na masikio yamekwisha, ndiye aliyeleta habari. "Wameiuza Ismene," alisema. "Iko Faslane, inakatwakatwa iwe chuma chakavu."

Walikwenda kwa basi. Msimamizi wa wakataji chuma alitazama viatu vya Netta, akasema si mahali pa mama. Netta akamwambia mume wake alifia humo. Yule mtu akavua kofia yake ngumu, akampa.

Mlingoti haukuwapo, mizinga haikuwapo. Walipita kwenye sitaha iliyojaa majivu ya moto wa kukatia, wakafika kwenye tundu la kuteremkia, na Netta akashuka kinyumenyume, msimamizi chini yake akimwelekeza pa kukanyaga. Ndani palikuwa patupu. Injini zilikwisha kutolewa, na sitaha ya juu ilikuwa imekatwa dirisha kubwa, mvua inaingia. Netta alisimama, akageuka pande zote. Hakupatambua. Ngazi ilikuwa upande mwingine. Mabomba yalipita mahali asipoyachora. Ukuta ulikuwa na umbo asilolijua.

"Hiki siyo chumba chenyewe," alisema.

"Ndicho, mama. Injini ya nyuma."

Kisha msimamizi akatazama vizuri, akaelewa. Akamwonyesha kwa tochi. Kuanzia hapa kwenda tezi, bamba zote zimeunganishwa kwa moto, laini, bila kichwa hata kimoja cha ribiti, zile pini za chuma walizopigilia mafundi wa Greenock. Ni kazi ya Amerika. Chumba kile alichokichora Netta, alichofia Dougal, kilikatwa na kutupwa ng'ambo ya bahari, kikajengwa kingine mahali pake. Netta alikuwa ametamani kuingia chumba kile tangu usichana, na hakikuwapo.

"Na kazi ya Greenock inaishia wapi?" aliuliza.

Akampeleka hatua chache. Palikuwa na safu ya vichwa vya ribiti, vya mviringo, vimepakwa rangi juu ya rangi. Netta alisimama upande ule wa ribiti, mabega yanalowa. Alidhani atalia. Badala yake alijisikia amechoka tu, kama mtu aliyesimama foleni muda mrefu na dirisha likafungwa. Akakaa pale mpaka msimamizi akaanza kuwa na wasiwasi, ndipo akasema, "Haya, twende."

Juu, wakataji walikuwa wanakunywa chai kwenye kibanda, wakawapa yeye na Hector vikombe. Kijana mmoja akauliza meli ilikuwaje zamani zake, na Netta, ambaye hakuwa amewahi kusimulia, akajikuta anawaeleza ilivyokuwa nyembamba na ilivyokwenda mbio mpaka vikombe vikaruka mezani. Walisikiliza. Halafu wakavaa miwani yao, wakarudi kazini.

Kwenye basi la kurudi, Netta alikaa dirishani na Hector kando yake. Walikuwa wamefika karibu na Helensburgh aliposema, "Alikuwa anaimba vibaya."

"Eh?"

"Dougal!" akamsogelea sikioni. "Alikuwa anaimba vibaya sana!"

Hector aligeuka, uso wote umefunguka. "Vibaya!" alisema kwa sauti ya kiziwi, basi zima likasikia. "Kanisani tulimwomba afumbue mdomo tu, asitoe sauti!"

"Hukuniambia hilo, Mjomba."

"Yapo mengi sikukuambia. Hukuwa unauliza."

"Basi niambie," Netta akasema.

Na mzee akaanza.